Mashine Inayokwenda Kula Mchana

Emosi Tavaga alijaliwa kipaji kimoja ambacho serikali haijapata njia ya kukitoza kodi: aliweza kuisikia tamaa ya mtu hata kama mtu mwenyewe anazungumzia saruji. Asubuhi ile alikuwa kwenye foleni ya duka la mikate, Cumming Street, akisubiri zamu ya kununua mkate ambao hakuwa na hela yake. Mvua ya Suva, mji wetu mkuu hapa Fiji, ilikuwa inashuka kama ilivyozoea, yaani bila sababu. Mbele yake mzee mmoja mfupi, mwenye kofia ya gofu, alikuwa anafoka kwenye simu mpaka muuza mikate akasahau chenji za watu.

"Ankara imekaa wiki mbili! Wiki mbili inatembezwa tu! Stoo wanampa Litia, Litia anampa Prabha, Prabha anamrudishia Litia, Litia ananiletea mimi, mimi niko gofu! Sasa wamezuia saruji yangu. Nataka mashine, umesikia? Mashine haiombi likizo. Mashine haiendi msibani!"

Mtu mwingine angesikia mzee mwenye hasira. Emosi alisikia riziki ikimwita kwa jina lake na la ukoo.

"Samahani, bosi," alisema, kwa sauti ile ya mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa na akili. "Nisingependa kuingilia. Lakini angalia usije ukanunua mashine."

Mzee akageuka. "Kwa nini nisinunue?"

"Ziko nyingi mno, na wauzaji ni waongo watupu. Nimeona kampuni zinalia. Kazi si kununua, bosi. Kazi ni kuchagua."

"Na wewe unauza ipi?"

"Mungu apishe mbali! Mimi siuzi. Mimi nawasaidia watu kuchagua."

Hapa tumvulie kofia kidogo. Tapeli wa kawaida huuza dawa ya uongo. Huyu alijifanya daktari anayekuonya juu ya wauza dawa, na mzee akamshukuru kwa kumnunulia mkate.

Mzee huyo alikuwa Jagdish Ramsamujh, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi kule Walu Bay: mabati, misumari, rangi, na tabia ya kuzima taa za ofisi saa sita mchana. Kesho yake Emosi aliripoti akiwa ndani ya sulu ya kijivu, ile sketi ya heshima ya wanaume wa kwetu, iliyopigwa pasi, viatu vya ngozi, mwavuli mkononi, na gari la kukodi nje. Vyote hivyo vilikuwa mtaji, na mtaji wenyewe ulikuwa wa kukopa.

Chumba cha uhasibu kilikuwa na wanawake wawili. Litia Naulu, mhasibu mkuu, alikuwa mama wa mwili wa kutosha na ua jekundu sikioni. Prabha, msaidizi wake, alikuwa mwembamba, mwepesi wa kalamu na mwepesi zaidi wa ulimi. Walikuwa wamekaa ofisi moja tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

"Bula," alisema Litia. "Kwenu wapi?"

Kwetu huku hilo ndilo swali la kwanza. Jina huulizwa baadaye, na kazi yako ikipatikana nafasi. Emosi hakuweza kusema ukweli kwamba kwao ni Raiwaqa, kwenye maghorofa, hapo hapo mjini. Mtu wa Raiwaqa anajulikana kwa simu mbili tu: ya kwanza kwa shangazi yake, ya pili kwa polisi. Akakumbuka jina la kisiwa aliloliona kwenye gunia la kava, mizizi yetu ya kinywaji, sokoni, akalitungia na kijiji.

"Nasaulevu, mama. Kisiwa cha Yaledra. Mbali huko, meli inakwenda ikikumbuka."

Litia aliweka kalamu chini. Alimtazama Emosi kuanzia viatuni hadi utosini, polepole, kama anayechagua samaki. Kisha akaruka kutoka kwenye kiti na kupiga yowe lililoangusha faili.

"Mtani! Mtani wangu! Prabha, njoo umwone mwizi wa kuku wa Nasaulevu! Sisi wa Vunikau na hawa ni tauvu tangu enzi za mizimu!"

Prabha alifungua mdomo, akaufunga, akafikiri, akaufungua tena. "Kumbe ndio hawa!" alisema. "Ndiyo maana ana sura hiyo."

Na kabla Emosi hajapata la kusema, Litia alikwisha kuuchukua mwavuli wake na kuutundika nyuma ya mlango wake mwenyewe.

Emosi moyo ulimpasuka, kisha ukajiunga. Kumbe kijiji kipo! Amekitunga yeye, na Mungu alikuwa amekwisha kukijenga! Utani huo aliujua, hakuna asiyeujua: mtani wako anaweza kukutukana na ukacheka, anaweza kuchukua chako na ukacheka zaidi, na ukikasirika umekiaibisha kijiji kizima. Basi akacheka. Alijiambia kuwa mwavuli mmoja ni bei ndogo. Nani atamshuku mtani wa mhasibu mkuu?

Wiki hiyo akaendesha kile alichokiita "mchakato wa uteuzi". Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye mifumo mitatu, kila mmoja na alama zake za vema na mkasi. Wa kwanza alisema umetoka Auckland: mzuri mno, ila bei yake ingemfanya Bosi Jagdish auze na mke. Wa pili ulitoka sijui wapi, rahisi mno, ila mvua ikinyesha unalala. Kwa Suva huo ulikuwa umekwisha kufa. Wa tatu uliitwa Drodro, na chini yake vema zilijipanga kama watoto wa kwaya. Yote mitatu ilitungwa alasiri moja kwenye chumba cha Emosi kule Samabula, na binamu yake Kini ndiye aliyechagua rangi.

"Ankara inaingia," alieleza Emosi, mikono ikiogelea hewani. "Drodro anaisoma. Anailinganisha na agizo na hati ya stoo. Anaiingiza kwenye vitabu. Anakuletea wewe kwenye simu, bosi, uko gofu, unabonyeza, muuzaji analipwa. Haipiti kwa mtu."

"Haipiti kwa mtu," alirudia Jagdish, kama anayesema amina.

"Mtandao ukikatika?" aliuliza Litia.

"Anakumbuka alipoishia."

"Muuzaji akileta ankara ile ile mara mbili?"

"Anamrudishia kwa heshima."

"Na mtu akitaka kujua nani ameidhinisha nini?"

"Kila kitu kinabaki na alama. Mtani, Drodro hasahau hata akitaka."

"Basi ana shida kubwa kuliko wewe," alisema Litia, "maana wewe umesahau chakula chako." Akachukua bakuli la samaki wa tui na magimbi lililokuwa mbele ya Emosi, akagawana na Prabha. Emosi akacheka. Jagdish, ambaye aliupenda utani huo kwa sababu haukumgharimu kitu, akacheka mpaka akapaliwa.

Kisha likaja jaribio. Jagdish alipiga picha ankara ya misumari, akaituma. Dakika nne zikapita, simu ikalia: *Imelingana na agizo. Inasubiri idhini yako.* Mzee alikaribia kulia. Akatuma ya rangi, ya mabati, ya mbao. Zote zilijibiwa, sahihi, hata senti haikupotea.

Isingepotea. Kule Samabula, juu ya kitanda cha chuma, Kini alikuwa na simu mbili na nakala ya vitabu ambayo Emosi aliitoa ofisini "kwa ajili ya kumfundisha Drodro". Kini alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa karani wa kampuni ya meli maisha yake yote, mpaka kompyuta ilipokuja ikamtoa. Sasa alikuwa anajifanya kompyuta. Sijui kama alikuwa na uchungu. Ninachojua ni kwamba alikuwa na njaa, maana Emosi alimwahidi kumlipa baadaye.

Saa saba mchana Drodro akanyamaza nusu saa nzima.

"Nini tena?" aliuliza Jagdish.

"Anapoa, bosi. Mashine nzuri lazima ipoe."

Mashine ilikuwa inachemsha muhogo.

Jioni ile Jagdish aliwaita Litia na Prabha, akawaambia bila kuwatazama kwamba mwisho wa mwezi waende nyumbani. Mshahara wa mwezi ule wangepata. Zaidi ya hapo hapana, biashara ngumu. Prabha alikuwa na nyumba ya mkopo Nasinu. Litia alikuwa anamsomesha mjukuu uuguzi. Walitoka pale wakakaa kwenye ngazi za stoo, na Prabha alilia waziwazi, kwa sauti, hakujali wapakiaji. Ni jambo la kuumiza, kuitumikia kampuni mpaka macho yakadai miwani, halafu uambiwe kuna kitu kinachofanya kazi yako huku kinapoa.

"Kinapoa nini?" alisema Litia ghafla. "Saa saba? Saa ya watu kula?"

Prabha alifuta macho, akachukua simu ya ofisi. Akampigia Drodro picha ya ankara ya gundi, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika: *Umekula?*

Jibu lilikuja kabla hajaishusha simu. *Muhogo tu, dada. Kuna nini?*

Wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Litia akashikilia nguzo. Kesho yake saa saba, Drodro alipokuwa anapoa, walibisha mlango wa Samabula, ambao mashine yenyewe iliwaelekeza, wakiwa na roti sita na mchuzi wa mbuzi. Kini alipoona roti alieleza yote kabla ya kuulizwa. Alieleza hata mambo ya Emosi ya mwaka juzi, ya tiketi za meli ya watalii ambayo haikuwahi kuundwa.

"Tumwambie bosi," alisema Prabha njiani.

"Tumwambie ili iweje? Leo atatupa asante. Kesho atatafuta mashine ya kweli." Litia alitembea hatua chache. "Kwani yeye hakutaka kuingizwa mjini? Muache aingie. Ila nauli atakayolipa isiende Raiwaqa."

Tangu hapo utani ukapamba moto. Jumatatu mkononi mwa Emosi ilitoka saa. Jumatano vilitoka viatu: Litia alimwambia anyooshe miguu, akavivuta kimoja kimoja, akampelekea Kini kwa sababu vilimwenea. Alhamisi ilikwenda kompyuta mpakato, na Prabha akaingia uwanjani.

"Wewe si wa Vunikau!" alilalamika Emosi.

"Mimi mtani wa kupachikwa. Au watu wa Nasaulevu wana ubaguzi?"

Emosi akacheka, kwa meno, si kwa macho. Alikuwa anatembea ofisini pekupeku, akimweleza Jagdish kuwa wataalamu wa kisasa huko Sydney hawavai viatu. Lakini hesabu yake ilikuwa moja. Malipo yakishaingia mkononi, hata meno wachukue.

Na malipo yenyewe aliyasuka vizuri. "Bosi," alinong'ona, "Drodro ni dola elfu arobaini. Ila ukilipa taslimu, bila risiti, ile kodi tunaisahau sisi wawili, inakuwa elfu thelathini."

Macho ya Jagdish yaling'aa. Alitazama mlangoni. "Bila karatasi yoyote?"

"Hata moja. Karatasi si ndiyo ugonjwa tunaoutibu?"

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema waliotutangulia, na Jagdish aliusikia msemo huo tangu utotoni bila kujua unamhusu.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi duka lilifungwa mapema. Jagdish aliunganisha shughuli mbili, kuwaaga wanawake na kuikaribisha mashine, ili kava itumike moja. Wapakiaji walikaa chini kuzunguka bakuli, makofi yakapigwa, kikombe kikazunguka. Kisha mzee akasimama, akatoa hotuba ndefu kuhusu maendeleo, na mbele ya wote akamkabidhi Emosi begi jeusi la ngozi.

"Huu ni mwanzo mpya," alisema.

Kwa Emosi ulikuwa mwanzo kweli. Alikuwa na tiketi ya basi la jioni kwenda Nadi, na kutoka Nadi ndege ziko nyingi. Alilipakata begi kama mama aliyepewa mtoto wodini. Kikombe kilipomfikia alikunywa, akapiga makofi, akaanza kujiinua taratibu.

Litia alipiga makofi matatu mazito, akasimama.

"Bosi, na nyinyi wote mnisamehe. Leo naondoka hapa. Na kwetu mtu haondoki bila kumuaga mtani wake." Akamwendea Emosi, akashika mikanda ya begi. "Mtani. Hiki kizuri."

Stoo nzima ikapasuka kwa kelele. Wapakiaji walipiga sakafu kwa viganja.

"Mtani, hapana, hiyo..."

"Hiyo nini?"

"Hiyo ni... nzito."

"Mimi mwenyewe mzito, tutaelewana."

Emosi hakuachia. Litia naye hakuachia. Kelele zikapungua, watu wakaanza kumtazama Emosi kwa namna mpya. Mzee mmoja wa upande wa stoo alisema, si kwa ukali: "Kijana, unakasirika? Nasaulevu wanakasirika?"

Hapo ndipo lilipo jambo. Aseme yeye si wa Nasaulevu? Basi ataulizwa ni wa wapi, na kwa nini alidanganya, na kama kijiji ni uongo, Drodro je? Akafikiri kwa kasi ambayo hajawahi kufikiri maishani, na kila njia aliyoishika iliishia kituo cha polisi.

Akaachia. Akacheka. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya mjini.

"Na funguo za gari," alisema Prabha, mkono wazi.

"Bosi!" Emosi alimgeukia Jagdish, machozi yakimlengalenga katikati ya kicheko. "Bosi, sema neno!"

Jagdish alikuwa amejikunja kwa kucheka. "Niseme nini? Mimi nimeshalipa! Mzigo ukishatoka dukani si wangu. Mambo ya watani wenyewe kwa wenyewe, mimi Muhindi yananihusu nini?"

Wanawake wakatoka, begi begani, wakipunga mkono. Gari likawaka. Wote mle ndani walisema hawajawahi kuona watani wanapendana namna ile.

Emosi alikimbia kwenye mvua hadi Samabula, pekupeku, sulu imemnata miguuni. Chumba kilikuwa kitupu. Jirani alimwambia Kini ameondoka na akina mama wawili ndani ya gari, na kwamba walikuwa wanaimba.

Jumatatu Jagdish alituma ankara kumi na moja kwa Drodro. Zote zilijibiwa, na chini ya ya mwisho kulikuwa na taarifa: huduma sasa inalipiwa kila mwezi, mapema, na kwa risiti. Kiasi chenyewe kilizidi kidogo mishahara ya wahasibu wawili. Jagdish alilipa akiwa uwanjani, kabla ya kupiga mpira, na akawatambia wenzake wa gofu. Wawili kati yao wakaomba nao waunganishwe. Ukweli ni kwamba vitabu vyake havijawahi kuwa safi vile. Mfumo unamkumbusha punguzo la kulipa mapema, unamkatalia ankara zenye mashaka, na siku moja ulimwandikia: *Bosi, misumari hii ulinunua juzi. Unaipeleka wapi?* Tatizo lake ni dogo tu. Mchana unapoa. Na mara chache, hasa Litia anapofiwa, unakuwa kwenye matengenezo.

Emosi alitafuta wiki tatu. Mwishowe alimwona Kini sokoni, amenawiri, miguuni viatu vinavyong'aa, ananunua magimbi ya watu wengi. Akamfuata hadi Toorak, juu ya duka la cherehani, akapanda ngazi na kusukuma mlango.

Chumba kilikuwa na meza tatu, feni mbili, na kompyuta mpya. Litia alikuwa anaidhinisha rangi.

"Mtani!" alisema. "Karibu, umeleta nini?"

"Hakuna mtani!" Emosi alipiga kelele, na hapo hasira yote aliyoichekea mwezi mzima ikamtoka. "Mimi si wa Nasaulevu! Mimi wa Raiwaqa, nimezaliwa Raiwaqa, nimekulia Raiwaqa, Yaledra sijafika hata kwa ndoto! Utani haunihusu. Mlichochukua si utani, ni wizi. Nataka begi langu!"

Prabha aliacha kuandika. Kini akaficha miguu chini ya meza.

"Kwa hiyo Nasaulevu si kwenu," alisema Litia taratibu.

"Si kwetu! Hicho kijiji nimekitunga, nikiwa nimesimama mbele yako. Bahati mbaya tu kikawa kipo!"

"Nani kakwambia kipo?"

Emosi alimtazama Prabha, kisha Kini.

"Yaledra ndiko nilikozaliwa mimi," alisema Litia. "Vijiji viko viwili. Hicho chako sijawahi kukisikia mpaka ulipokitaja. Nikasema, maskini, mtu ametunga kijiji kizima, na hata watani hana. Nikamtungia."

Feni zilizunguka. Emosi aliutafuta ukuta, akauegemea, akateleza hadi chini. Alifungua mdomo kutukana, na badala ya tusi kikatoka kicheko, mara hii cha kweli, cha tumbo, kile ambacho hata mtu mwongo hawezi kukighushi. Kini akaanza, Prabha akafuatia, wakacheka wote wanne mpaka fundi cherehani akagonga dari kwa fimbo.

"Haya," alisema Emosi, akijifuta macho kwa pindo la shati. "Nimekubali. Nimewavulia kofia. Basi nipeni hata nauli nirudi kwetu."

Litia alirudisha miwani puani na kuivuta ankara inayofuata.

"Kwenu wapi?" aliuliza.